Saini ya Linet

Mama yangu alinukia mafuta ya nywele na moshi wa nyama. Alikuwa msusi Kenyatta Market, na kibanda chake kilipakana na majiko ya wachoma nyama, kwa hiyo kutwa nzima moshi uliingia mle ndani ukatulia kwenye taulo, kwenye mito ya viti, na kwenye vichwa vya wateja waliotoka pale wamependeza huku wakinuka mbavu za mbuzi. Jioni akifika Uthiru nilimnusa kabla sijamsikia mlangoni. Siku moja kabla hajasafiri kwenda Ujerumani alinikalisha chini katikati ya magoti yake, akanisuka matuta madogo madogo, ya kubana, yale ya kuliza mtoto, na kila nilipojikunja alinigonga begani kwa kitana. "Tulia, Nekesa. Hizi nataka zikae," alisema. "Usizifumue mpaka nikuambie." Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na sikuhitaji kuelezwa zaidi. Kwa muda mrefu baada ya yeye kuondoka nililala na kitambaa kichwani, na kabla ya kulala nilivuta ncha ya msuko mmoja mpaka puani nikanusa. Harufu ilikuwepo.

Alikuwa amepata nafasi ya kufunzwa kazi ya kutunza wazee katika mji mmoja wa kule, baada ya kuhangaika na Kijerumani katika darasa moja la Hurlingham mpaka watu wakachoka kumuuliza amefika wapi. Asubuhi darasani, mchana kwenye nywele. Mpango ulikuwa rahisi na mimi niliukariri kuliko Baba Yetu: Mama afike, aandikishe anwani yake, apate kibali, aanze kazi, anichukue. Kabla hajajisimamia, yeye angelala kwa Linet na mimi ningelala kwa mama yake Linet. Linet alikuwa binti wa dada yake mkubwa, ameolewa hukohuko Ujerumani, mumewe akaenda zake, akamwachia mtoto mchanga na nyumba ya kupanga. Mama ndiye aliyemwogesha Linet akiwa mdogo, ndiye aliyemsuka bure siku anasafiri. Dada mkubwa mwenyewe, Perpetua, kwa haki ningemwita mama mkubwa, lakini hakutaka. "Mama mkubwa ni mambo ya Bungoma," aliniambia siku ya kwanza, begi langu likiwa bado mkononi. "Hapa niite Auntie." Basi nikamwita Auntie.

Auntie alikuwa na nyumba ya mawe Uthiru, aliyoijenga chumba baada ya chumba kwa hela za Linet, na aliipenda nyumba hiyo kuliko alivyompenda mtu yeyote aliyeingia ndani yake. Vigae vya sebuleni nilivipiga deki mara mbili kwa siku. Sikuruhusiwa kuketi kwenye sofa kwa sababu nguo zangu, alisema, bado zina moshi wa soko. Nililala stoo, na godoro langu lilikuwa katikati ya gunia la viazi na gunia la makaa. Chakula nilikula wengine wakishamaliza, na akiwa na wageni alinitambulisha kwa sauti tamu: "Huyu ni wa Rispa. Mamake amemtupa hapa akaenda kutafuta wazungu." Wageni walicheka, nami nilikusanya vikombe. Sikumchukia siku hizo za mwanzo. Nilimwona kama kituo tu cha kungojea, na mtu anayengojea huvumilia mengi.

Kisha karatasi ikaleta balaa. Kule Ujerumani, mtu akihamia mahali lazima aende kwenye ofisi ya mji akaandikwe anapoishi, na wanampa wiki mbili tu. Mama alidhani ni jambo la kutaja jina na mtaa, basi. Nairobi nani aliwahi kumuuliza mtu analala wapi? Unafika kwa ndugu yako na begi, unaonyeshwa sofa, na unaweza kuondoka baada ya miaka mitatu na hakuna aliyeandika hata herufi moja. Kumbe pamoja na fomu yake mwenyewe kulikuwa na karatasi ya pili, ya mtu aliyempa makao, akiri kwa saini yake kwamba amemwingiza huyu ndani. Mama aliijaza mwenyewe. Aliandika jina la Linet kwa mkono wake, akaweka na saini, vile sisi tulivyozoea: barua ya shule ikitaka saini ya mzazi, aliyekuwa karibu alisaini, awe shangazi, awe jirani. Karani akazitazama karatasi mbili, akaona mwandiko ni mmoja, akauliza ni nani aliyetia saini. Mama akamjibu ukweli kwa Kijerumani chake cha darasani: ni mimi, yeye ni mtoto wangu tu. Karani akamrudishia karatasi zote na kumwita aliyefuata kwenye foleni.

Yote haya niliyajua kupitia kwa Lavenda, jirani yetu aliyesoma darasa moja na Mama na alikuwa bado anasubiri zamu yake ya kusafiri. Mama alimtumia picha za karatasi zile kwenye simu, kwa sababu akipiga kwa Auntie simu iliwekwa sauti ya juu na kila mtu alisikia. Lavenda alikuwa na mdomo mchafu na moyo wa kubahatisha. Siku nyingine alinipa chai, siku nyingine alinicheka mpaka machozi yakamtoka. "Kuja uone, mtoi," alisema, akipanua picha kwa vidole. "Hapa wanauliza alikuwa anaishi wapi kabla. Mtaa gani, nyumba namba ngapi. Sasa mamako ataandika nini? Uthiru, nyuma ya kinyozi, uliza kwa Mama Chipo?" Akaangua kicheko. Lakini alinisomea karatasi ya pili neno kwa neno, na akanifundisha lile jina refu, Wohnungsgeber, mtoa makao, nami nikaliimba njiani kwenda dukani. "Hii haisemi nyumba ni ya mamako," alinieleza. "Haimpi kitu. Inasema tu analala hapo. Linet akisaini, imeisha. Asiposaini, mamako hajafika Ujerumani, hata kama amesimama katikati yake."

Linet hakukataa. Laiti angekataa. Alisema, "Wiki ijayo, mama mdogo." Wiki iliyofuata mtoto alikuwa na homa. Halafu kalamu haionekani, halafu mwenye nyumba yuko safarini, halafu tena wiki ijayo. Huku nyuma Mama alipika, alifua, alimbeba mtoto wa Linet mgongoni kwenye baridi ambayo hakuwa na koti lake, na Linet akaenda kazini na kurudi akakuta meza imeandaliwa. Kwenye nyumba ya wazee walikuwa wameshamwambia Mama: bila anwani iliyoandikishwa hakuna kibali, bila kibali hawawezi kumweka kazini. Atafute basi chumba kwingine? Chumba kilitaka mshahara, mshahara ulitaka akaunti ya benki, akaunti ilitaka ile karatasi, na karatasi ilitaka chumba. Viza aliyoingia nayo ilikuwa inaenda kuisha. Lavenda alipomaliza kunieleza mzunguko huo hakucheka, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Mwenye kuzuia hakuwa Linet. Niligundua hivyo jikoni, nikimenya viazi, Auntie akiwa sebuleni anaongea na binti yake kwa sauti ya juu kama kawaida yake, kwa sababu mimi kwake nilikuwa sawa na kiti. "Usithubutu," alimwambia. "Mpikishe, mfulishe, lakini jina lako usiliweke hapo. Unakumbuka Wanyonyi?" Wanyonyi alikuwa shemeji yake. Mume wa Auntie, akiwa hai, alimruhusu huyo ndugu yake ajenge kibanda kwenye shamba lao Bungoma, kwa muda, na siku moja akamwandikia karatasi ya kupeleka kwa chifu kwamba huyu anaishi kwangu kwa ruhusa yangu. Mume akafa. Wanyonyi akaitoa ile karatasi mbele ya wazee, na sehemu yote iliyokaribia barabara ikawa yake. Auntie akatoka kwenye baraza mikono mitupu, amevaa nguo za matanga. Tangu hapo kwake karatasi ya namna hiyo ilikuwa na maana moja tu. Mtu akiandikwa kwako, amekula nyumba yako. Tena dada yake mwenyewe! Msusi wa sokoni aje aandikwe kwenye nyumba ya Linet, kesho asimame mbele ya chifu wa Wajerumani na kudai nusu.

Sasa mimi, mjinga wa kumi na mmoja, niliamini kwamba kosa likielezwa huisha. Nilingoja Jumamosi, siku ambayo akina mama wa kanisa walikutana kwetu, kwa sababu mbele yao Auntie alikuwa mpole na asingenipiga. Nilipomaliza kugawa mandazi nilisimama katikati ya sebule, nimeshika sinia kifuani, nikasema, "Auntie, ile karatasi haichukui nyumba. Inasema tu Mama analala hapo. Lavenda amenisomea yote. Ya Wanyonyi ilikuwa tofauti." Wale mama walikuwa hawajui habari ya Wanyonyi. Auntie alikuwa amewaambia shamba lote ni lake na anapumzika tu mjini. Wala hawakujua kwamba Linet, ambaye kila Jumapili aliombewa kwa jina kwa wema wake, amemkalisha mama yake mdogo bila karatasi. Mmoja akauliza, "Kwani Rispa hajaandikishwa mpaka leo? Na Linet yuko?" Auntie akatabasamu. Akaniambia kwa upole kabisa, "Asante, mwanangu. Umesoma vizuri. Peleka sinia." Nilienda jikoni nimejaa furaha, haki ya Mungu, nikidhani nimemwokoa mama yangu.

Jumatatu alinishika mkono tukatoka. Nilidhani tunaenda shuleni. Tuliingia kwa kinyozi, yule wa mbele ya nyumba, akanisukuma kwenye kiti. "Nyoa yote," alisema. "Ana chawa." Kinyozi alinipapasa kichwa, akatazama kati ya matuta, akasema hajaona chawa, nywele ni safi na zimesukwa vizuri sana. "Nimekuuliza?" Auntie alimjibu. Nililia nikamwambia Mama alisema nisifumue mpaka aniambie. "Hufumui," Auntie alisema, akiketi na kufungua gazeti. "Unanyolewa." Mashine ilipita kwanza katikati. Misuko ilianguka mapajani ikiwa mizima, bado imebana, bado ina kazi ya mikono ya Mama ndani, na nilipojaribu kuokota mmoja Auntie aliusogeza kwa ncha ya kiatu mpaka kwenye rundo la nywele za wanaume. Tulipotoka upepo ulinipiga kichwani nikahisi niko uchi barabarani. "Mtoto anayesoma Kijerumani," aliniambia, "hahitaji nywele."

Jumapili hiyo alimpigia Mama mwenyewe, kwa video, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata mara moja. Aliishika simu mbele yangu. "Ongea na mwanao, Rispa. Anajua mambo mengi siku hizi." Mama alikuwa na mtoto wa Linet mgongoni. Alifungua kinywa kunisalimu, akaona kichwa changu, kikabaki wazi. Alinitazama tu. Yeye alijua vichwa. Hakuna mtu Nairobi nzima aliyejua vichwa kumshinda, na alijua kwamba hiki kimenyolewa ili kiongee na yeye. Nikasema, "Mama, sikufumua." Akasema, "Najua, mama. Najua." Halafu akamgeukia dada yake, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, sauti ya mfanyakazi: "Auntie Perpetua, nimeelewa. Sitaomba tena ile saini. Usimguse mtoto." Alimwita dada yake Auntie. Perpetua akajibu, "Ungeelewa mapema," akakata simu, akaniambia nikaanike nguo.

Hakuomba tena. Viza ikaisha, nafasi kwenye nyumba ya wazee ikachukuliwa na mwingine, na Mama akarudi na begi lilelile. Tulihamia chumba kimoja kule kule Uthiru. Kibanda chake sokoni kilikuwa na msusi mwingine, msichana mwenye kucha ndefu, kwa hiyo Mama alianza upya kwenye kijia, na kiti cha plastiki, akiita wapita njia. Kijerumani hakukisema tena. Siku moja nililitamka lile neno la mtoa makao kwa mzaha, nikitaka kuona kama analikumbuka, akaweka kitana chini akatoka nje. Nywele zangu zilipoota alinisuka tena, vizuri, lakini hakunibana tena mpaka nilie, na hakuniambia zikae.

Kijerumani mimi ndiye niliyekisema. Nilikisoma kwa hasira, kitabu baada ya kitabu, na leo nafundisha hukohuko Hurlingham, kwenye ghorofa inayotazama barabara ya Argwings Kodhek, wanafunzi wangu wengi wakiwa wasichana wanaoondoka kwenda kutunza wazee wa watu. Wiki ya mwisho ya masomo naacha vitenzi nawagawia zile karatasi mbili. Nawaambia: msiniambie shangazi yenu ni mtu mzuri. Muulizeni kabla hamjakata tiketi kama atasaini, na jibu likiwa wiki ijayo, tafuteni kwingine. Wananiona mwalimu mkali, wengine wananicheka nikigeuka ubaoni. Sawa tu. Sofa bado zipo Nairobi na bado tunapokeana bila karatasi, ila siku hizi hata huku mlinzi wa getini anataka jina, wakala wa nyumba anataka orodha ya wanaolala ndani, na chifu haandiki barua bila barua.

Auntie anaishi kwangu. Nyumba yake ya mawe ilibomolewa. Kiwanja alikinunua kwa kuaminiana, na wajukuu wa mwenye shamba walipokuja na hati, yeye hakuwa na karatasi yoyote ya kuwaonyesha. Linet hashiki simu zake. Mama ndiye aliyeniambia tumchukue. "Ni dada yangu," alisema, akamaliza, nami sijawahi kumkatalia mama yangu kitu. Kwa hiyo Auntie analala chumba cha nyuma, anakula mezani pamoja nasi, na Jumapili Mama anamketisha chini katikati ya magoti yake, anamsuka mvi zilizobaki, polepole, bila kumvuta. Macho ya Auntie yanaziba. Kuna mpango wa kutibu wazee macho bila malipo, lakini wanataka barua ya chifu, na chifu anataka kwanza karatasi kutoka kwa mwenye kupanga nyumba, akiri kwa saini yake kwamba huyu mama anaishi kwake. Mwenye kupanga ni mimi. Daktari alisema tusicheleweshe sana, jicho la kushoto halitangoja.

Karatasi iko juu ya friji. Kila asubuhi nikiwa natafuta funguo za gari namsikia akija kwa kupapasa ukuta, akisimama mlangoni mwa jikoni, uso umeelekea mahali ambapo sipo. Haamrishi tena. Anauliza kwa adabu kabisa, akijiita kwa jina alilonikataza mimi kumwita. "Nekesa, mwanangu, mama mkubwa anauliza, ile karatasi umeiona?" Mama anaacha kukoroga uji. Ananiangalia vile alivyoniangalia kwenye ile simu, kinywa wazi, na mimi najua anachotaka niseme.

"Wiki ijayo, Auntie," namjibu, nafunga mlango.